Mto wa kukalia "wa siatiki": tathmini ya fundi cherehani

Mto ninaouzungumzia ni ule mnene wa sponji, umekatwa tundu nyuma katikati, una foronya nyeusi ya kitambaa cha matundumatundu na kishikio kidogo cha kubebea. Kampuni siitaji, maana nimeshika mikononi mito ya kampuni kadhaa na karibu yote ina umbo moja, kinachobadilika ni nembo tu. Kwenye boksi wamemchora mtu ameshika kiuno, mstari mwekundu unashuka kutoka takoni hadi kisiginoni, na chini yake maandishi makubwa: huondoa maumivu ya siatiki, yaani yale ya neva (mshipa wa fahamu) inayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni. Naupa nyota 3 kati ya 5. Nyota hizo hazihusiani kabisa na hicho kilichoandikwa kwenye boksi, ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Mimi nashona. Mashine yangu ni ile nzito ya mota: mguu wa kulia unakanyaga pedali, goti la kulia linasukuma kile chuma cha kunyanyua mguu wa mashine. Na mguu unaoniuma ni huohuo wa kulia. Maumivu yalianzia takoni, yakashuka nyuma ya paja, yakapita kwenye kigimbi, yakaishia ukingo wa nje wa wayo. Hayakuwa maumivu ya msuli uliochoka. Yalichoma, na nikipiga chafya au kukohoa yalipiga shoti mpaka chini. Baadaye kidole kidogo cha mguu kikafa ganzi, nikawa nakanyaga pedali bila kuisikia vizuri. Asiyeshona hawezi kujua adha yake: uko kwenye ncha ya kola, unataka mashine isimame, yenyewe inapitiliza mishono miwili mitatu mbele.

Nianze na foronya, kwa sababu jicho langu lilifika huko kabla ya makalio. Niliivua nikaigeuza ndani nje. Kitambaa cha juu ni kizuri, kinapitisha hewa, hakibaki na jasho, kimefuliwa mara nyingi na hakijapauka. Cha chini kina vitone vya mpira vya kuzuia mto usiteleze, navyo vinashika kweli, hata kwenye stuli ya plastiki. Lakini ushonaji wenyewe! Kitambaa cha namna hii hufumuka kirahisi, wao wameacha ukingo mwembamba mno ndani na ovaloki imepigwa kwa kuruka. Kwenye pembe mbili za mbele, pale mapaja yanaposugua, nyuzi zilianza kuchomoka mapema. Zipu nayo inaishia mahali ambapo mto hukunjika, kwa hiyo kila ukiinuka kichwa chake kinavutwa. Aliyepanga hivyo hakuwahi kuukalia. Nilizirudia pembe, zipu nikaigeuza ifungie upande wa pili, ikaisha. Asiye na cherehani atalazimika kuvumilia.

Sponji ni ile inayobonyea taratibu na kurudi taratibu. Boksi linajisifia NASA, na hapo hawajadanganya sana: sponji ya aina hii ilitokana na kazi iliyofanywa mwaka 1966 kwa ajili ya shirika hilo la anga la Marekani, ikikusudiwa viti vya ndege. Haikutafutiwa neva ya mtu yeyote. Tabia yake moja ujue kabla hujanunua: hulainika kwa joto na hukaza kwa baridi. Ukianza kuukalia ni mgumu na unakuweka juu, ukishapata joto la mwili unazama. Maana yake kimo cha kukaa kinabadilika wakati kazi inaendelea, na kwa mtu wa mashine hilo si jambo dogo. Nitalirudia.

Sasa lile tundu, ambalo ndilo linalouza mto.

Tundu liko chini ya kifandugu, ncha ya mwisho kabisa ya uti wa mgongo. Kama uliwahi kuanguka ukatua kwa makalio na tangu hapo ncha hiyo inauma kila ukikaa, tundu ni msaada wa kweli, kwa sababu kifandugu kinabaki hewani. Ila neva ya siatiki haipiti hapo. Neva hiyo ndiyo nene kuliko zote mwilini, unene wake unakaribia wa kidole, na inaundwa na mizizi mitano inayotoka sehemu ya chini ya mgongo, ile wataalamu wanayoiita L4, L5, S1, S2 na S3 (L ni pingili za kiuno, S ni za mfupa ulio chini yake, na mzizi huitwa kwa jina la pingili yake). Hutoka nyuma ya nyonga, hupita chini ya msuli uitwao piriformisi uliojificha ndani kabisa ya tako, kisha hushuka nyuma ya paja na kugawanyika mara mbili karibu na goti. Kila tako lina ya kwake. Ziko mbili basi, kulia na kushoto, na tundu liko katikati! Mchoraji wa boksi ameuweka mstari mwekundu mahali pake, mkata sponji akakata kwingine.

Na hata wangekata penyewe, kwa wengi wetu neva haibanwi na kiti. Hubanwa juu zaidi, kiunoni, pale mzizi wake unapochomoza kati ya pingili, ile mifupa ya uti wa mgongo. Mara nyingi mhusika ni diski, ile pedi iliyoko kati ya pingili na pingili: ganda lake linapasuka kwa nyuma, kiini chake laini kinachomoza na kuugandamiza mzizi. Si kuugandamiza tu, kiini hicho kina kemikali zinazouchokoza mzizi hadi unavimba, ndiyo maana diski iliyochomoza kidogo tu inaweza kumliza mtu mzima. Zinazosumbua zaidi ni diski mbili za chini kabisa, kati ya L4 na L5, na kati ya L5 na S1. Hata madaktari walichelewa kulijua jambo hili; Mixter na Barr wa Marekani walichapisha maelezo yao ya diski iliyopasuka na kubana neva mwaka 1934. Kwa wenye umri mkubwa huwa ni mfereji wa uti wa mgongo uliokuwa mwembamba, kwa wengine pingili imeteleza mbele ya mwenzake, na wachache ni ule msuli wa piriformisi uliokaza. Hao wa mwisho huenda mto laini ukawafaa zaidi kuliko sisi wengine.

Mafundi wenzangu watanielewa upesi. Uzi ukibanwa kupita kiasi kwenye visahani vya kukazia, unakatikia sindanoni. Badilisha sindano mpaka uchoke, uzi utaendelea kukatika.

Basi nyota 3 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye mteremko. Mto wangu ni mnene nyuma kuliko mbele. Ukiukalia, nyonga zinapanda juu kidogo ya magoti na kulalia mbele, kiuno kinabaki na upinde wake badala ya kuporomoka na kufanya kibyongo. Kwenye stuli bapa ya mbao mimi huporomoka bila kujijua, hasa kazi ikinoga. Nikiwa na mto, maumivu yalichelewa. Sisemi hayakuja. Bila mto nilikuwa nainuka kunyoosha mgongo kabla sijamaliza kupachika mkanda wa sketi. Na mto niliweza kumaliza sketi yenyewe, marinda na zipu, ndipo nikaona haja ya kusimama. Kwa anayeishi kwa kazi ya kukaa, hiyo ni tofauti ya kushukuru.

Ila kuna kitu ambacho karatasi ya maelekezo haikukigusa hata kwa neno moja. Mto unakuinua. Wangu, ukiwa bado wa baridi, unainua sentimita kama 7. Meza ya mashine haijainuka, pedali haijainuka. Kwa hiyo meza sasa iko chini na unainama zaidi kuifuata sindano. Pedali iko mbali na unanyoosha goti kuifikia. Kukaa umekunja mgongo huku goti limenyooka ni mkao uleule ambao wataalamu huutumia kuichokoza neva ya siatiki makusudi wanapompima mgonjwa, kwa sababu unaivuta neva pande zote mbili kwa pamoja. Ndiyo maana mwanzoni kigimbi kiliwaka kuliko kabla sijaununua. Naamini wengi wanaouandika vibaya mto huu wameishia hapohapo.

Dawa yake ilikuwa spana. Nililegeza boliti za miguu ya meza, nikapandisha uso wa meza mpaka viwiko vikatulia juu yake bila mabega kunyanyuka wala kifua kulala. Nikairefusha fimbo inayounganisha pedali na mota, nikaipunguzia pedali mteremko ili kisigino kipate pa kutua, na stuli nikaisogeza mbele mpaka goti likapinda tena. Na kwa kuwa sponji inazama ikipata joto, kimo cha meza kipime baada ya kuukalia kwa muda, usikipime umekaa tu hivi sasa. Wenye meza zisizopanda waweke vipande vya mbao imara chini ya miguu yake. Mnaofanya kazi za kompyuta mambo ni hayohayo: skrini na kibodi vifuate kimo kipya, na miguu isining'inie.

Mkosaji ni kuinama, na hapa nina namba. Ule usemi kwamba kukaa ni sumu kwa diski una chanzo chake. Nachemson, mtafiti wa Uswidi, alipima shinikizo ndani ya diski za watu miaka ya 1960 akakuta kukaa kunazidi kusimama. Mwaka 1999 Wilke na wenzake huko Ujerumani walipima upya, kwa kifaa kilichopandikizwa ndani ya diski ya mtu mmoja aliyejitolea. Alipokuwa amesimama kifaa kilisoma megapaskali (kipimo cha shinikizo) 0.5. Alipokaa kwa utulivu bila kuegemea, 0.46. Karibu sawa. Lakini alipokaa huku amejikunja mbele kabisa ilipanda hadi 0.83, na alipolala kifudifudi ikashuka hadi 0.11. Ni mtu mmoja, sawa, na shinikizo si maumivu. Kwa fundi aliyezoea kulalia meza akifuata mshono, bado ni namba za kubandika ukutani.

Mto nimeulinganisha na huduma niliyoitumia kipindi hichohicho, ya mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), na huyo nampa nyota 5 bila kusita. Hakuanza na kunikanda. Alianza kwa kunihoji maumivu yanaishia wapi, kisha akasema, "Fundi, simama kwa vidole vya mguu mmoja." Wa kushoto niliweza. Wa kulia kisigino kilishuka chenyewe, nakiangalia hivihivi. Akaigonga kano ya nyuma ya kisigino kwa kinyundo cha mpira. Kushoto wayo ukaruka, kulia ukabaki umelala. Nikalala chali, akaunyanyua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, na kabla haujafika katikati ya safari yake shoti ikashuka hadi kwenye kigimbi.

"Huu ni mzizi wa S1," akaniambia. Ganzi ya ukingo wa nje wa wayo na kidole kidogo, kigimbi kilichoishiwa nguvu, kano isiyoitikia: vyote vinaelekeza kwenye mzizi mmoja. Ungekuwa L5, ganzi ingekaa juu ya wayo kuelekea kidole gumba, na kazi ngumu ingekuwa kusimama kwa visigino. Picha ya MRI, ile ya kuona ndani ya mwili kwa sumaku, hakuniandikia. Alisema picha huonyesha diski zilizochomoza hata kwa watu ambao hawaumwi popote, na kwamba ataitaka kama nguvu za mguu zitaendelea kupungua au tukifika kwenye mazungumzo ya upasuaji.

Zoezi alilonipa linatokana na njia ya Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand. Unalala kifudifudi na kutulia. Kisha unajiegemeza kwa viwiko. Baadaye unasukuma sakafu kwa mikono, kifua kinapanda, nyonga zinabaki chini zimelegea. Alichonifundisha kukiangalia si kama inauma au haiumi, ni inauma wapi. Maumivu yakipanda, kutoka kigimbi hadi paja, kutoka paja hadi tako, yakaishia kiunoni, hiyo ni dalili nzuri hata kama kiuno chenyewe kinalalamika zaidi. Yakishuka kuelekea wayo, acha unachokifanya. Kwa kipimo hicho nikaupima na mto: kabla ya kupandisha meza uliyateremsha maumivu hadi kwenye wayo, baada ya kupandisha meza yalikomea takoni. Boksi zima halina sentensi moja yenye manufaa kama hiyo. (Zoezi lenyewe si la kila mtu. Mwenye mfereji wa uti wa mgongo uliokuwa mwembamba kwa kawaida hupata nafuu akiinama, na kujikunja nyuma kunaweza kumzidishia.)

Kulala kitandani kutwa alinikataza, na utafiti uko upande wake: mwaka 1999 wagonjwa wa siatiki huko Uholanzi walioambiwa walale kitandani wiki mbili hawakupata nafuu kuliko walioachwa waendelee na shughuli zao.

Niseme pia kuhusu sifa mnazozisoma chini ya mito hii mitandaoni, "nimeutumia miezi miwili nimepona kabisa". Huenda msemaji ni mkweli na mto hauna hatia wala sifa. Siatiki inayotokana na diski, kwa watu wengi, hupungua sana ndani ya wiki 6 hadi 12, na kipande cha diski kilichochomoza mara nyingi husinyaa chenyewe, mwili unakinyonya taratibu. Kitu chochote utakachokuwa unakitumia wakati huo kitachukua sifa. Hata upasuaji unapimwa kwa jicho hilo: utafiti mwingine wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi ya walioambiwa wasubiri, lakini mwaka ulipotimia makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Wapo wengi kati ya waliosubiri ambao walishindwa kuvumilia wakaishia kupasuliwa, kwa hiyo simwambii mtu ajikaze. Nasema tu mtu asiupe mto kazi iliyofanywa na mwili wake.

Mkanda wa kiuno niliujaribu: unabana tumbo ukiwa umekaa, sikuona cha kuongeza. Ile mashine ndogo ya kubandika vipande vya umeme mgongoni inatekenya, unasahau maumivu ikiwa imewashwa, ukiizima yanarudi. Mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unawaambia wahudumu wasivitoe vyote viwili kwa siatiki. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiiguse mashine hiyo bila daktari wake kujua.

Na kuna onyo ambalo lilipaswa kuchapwa juu ya boksi kwa wino mwekundu, kubwa kuliko nembo. Ikiwa umekaa juu ya mto na hausikii vizuri sehemu inayogusana nao, yaani ganzi imeshika sehemu za siri, njia ya haja kubwa na mapaja ya ndani. Au mkojo umegoma kutoka, au unatoka bila wewe kutaka. Au huwezi kuizuia haja kubwa. Au miguu yote miwili inaishiwa nguvu. Ukiona hata moja ya dalili hizi, inuka uende hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku iwe mchana. Hapo fungu zima la neva za chini linakuwa limebanwa, na likicheleweshwa madhara yanaweza kubaki maisha yote. Homa inayoambatana na maumivu ya mgongo, kupungua uzito bila sababu, au wayo unaoburuzika ghafla, navyo si vya kusubiri sponji.

Uimara wake ni wa wastani. Upande wa kulia wa mto wangu, ninakoegemea nikikanyaga pedali, umelala kuliko wa kushoto. Nikiubonyeza kwa kidole gumba shimo linachelewa kurudi. Kwa hiyo siku hizi naugeuza. Tundu haliruhusu kuugeuza mbele nyuma, ila sponji yenyewe naitoa kwenye foronya na kuilaza juu chini, mteremko unabaki uleule na upande uliolala unahamia kushoto.

Dereva, karani, mtu wa kifandugu: chukueni, lakini kila mmoja apime kimo chake upya. Wanaume wanaokalia pochi nene kwenye mfuko wa nyuma, itoeni kwanza kabla hamjanunua chochote. Wangu ukifa sitanunua mwingine wa aina hii. Nitatafuta kabari tupu ya sponji ngumu isiyo na tundu, nene nyuma na nyembamba mbele, na foronya nitaishona mwenyewe, zipu ikae pembeni.